Mwuza Nguo wa Delft

Katika Uholanzi, ambako nchi ni tambarare na maji ni mengi, uko mji uitwao Delft. Mifereji hupita kati ya nyumba zake kama njia, na zamani watu na mizigo walisafiri juu ya mifereji hiyo kwa mashua zilizokokotwa na farasi. Katika mji huo alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 24 Oktoba 1632, akaitwa Antonie. Jina lake la ukoo ni van Leeuwenhoek, nalo ni gumu kwa ndimi zetu. Waholanzi hulitamka karibu kama Leevenhuk. Sisi tutamwita Antonie tu.

Baba yake alikuwa msusi wa vikapu. Antonie alikuwa na miaka mitano tu baba huyo alipofariki, na baadaye mama akaolewa tena na mchoraji wa picha. Mtoto akapelekwa shuleni katika mji mwingine, kisha akakaa kwa jamaa yake mmoja. Alipotimiza umri wa miaka 16, yaani mwaka 1648, hakupelekwa chuo kikuu, wala hakufundishwa Kilatini, lugha ambayo wataalamu wengi wa Ulaya waliitumia siku zile katika vitabu vyao. Alipelekwa Amsterdam kuwa mwanagenzi katika duka la nguo. Huko akajifunza kupima majora, kuandika hesabu katika daftari, na kutambua kitani chema na kibaya. Lishikeni neno hili la Kilatini, maana tutalihitaji mbele.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akaoa mke jina lake Barbara, akanunua nyumba, akafungua duka lake mwenyewe. Akauza vitambaa, nyuzi, vifungo na tepe. Wauza nguo wa siku zile walikuwa na kioo kidogo cha kukuzia, nao walikitumia kuhesabu nyuzi za kitambaa, ili wajue kama kimefumwa vizuri. Basi kioo cha namna hiyo kilikuwa mkononi mwa Antonie kila siku, kama vile mizani ilivyo mkononi mwa mwenye duka wa kwetu.

Mwaka 1660 wakuu wa mji walimpa kazi nyingine, kuwa mtunzaji wa chumba cha baraza. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa hii: kufungua chumba wakuu wanapokutana na kukifunga wakiondoka, kukiweka safi, kuwasha moto wakati wa baridi, kutunza makaa yaliyosalia, na kutotoa nje maneno anayoyasikia ndani. Wako vijana ambao wakisha kujua kusoma vizuri huona haya kushika ufagio mbele ya wenzao. Antonie alipewa kazi hiyo akiwa mtu mwenye duka na nyumba yake, akaishika miaka 39, na hata alipoiacha mji uliendelea kumlipa mshahara wake mpaka kufa kwake. Baadaye aliongezewa nyingine: mwaka 1669 alifanya mtihani akawa mpimaji wa ardhi, na mwaka 1679 akawekwa kuwa mpimaji wa mapipa ya mvinyo yanayoingia mjini.

Lakini msidhani ya kuwa nyumba yake ilikuwa na furaha siku zote. Antonie na Barbara walizaa watoto watano, na wanne katika hao walikufa wangali wadogo sana. Alisalia binti mmoja, Maria. Kisha mwaka 1666 Barbara naye akafa, akamwacha mumewe na mtoto wa karibu miaka kumi. Antonie alioa tena baada ya miaka kadhaa, na mke wa pili naye akafa kabla yake. Maria hakuolewa. Alikaa na baba yake, akatunza nyumba yake muda wote wa maisha yake, na kama tukisema habari za Antonie bila kumtaja Maria tutakuwa tumesema nusu tu.

Haikuandikwa ni siku gani hasa mwuza nguo huyu alipoanza kutengeneza vioo vyake mwenyewe. Twajua kwamba alijifunza kusaga kioo na kukisugua mpaka kikawa duara dogo, safi, lisilo na doa. Vingine vilikuwa vidogo kuliko punje ya mtama. Kila kioo alikiweka katikati ya vibati viwili vya shaba au vya fedha vyenye tundu, na nyuma yake akatia msumari mwembamba wa kuchomekea kitu anachotaka kukitazama, pamoja na skrubu ya kukisogeza mbele na nyuma. Chombo chote chaweza kukaa katika kiganja cha mkono. Aliyetaka kutazama alikishika karibu kabisa na jicho, akaelekea penye mwanga. Ndiyo hadubini ya Antonie. Hadubini nyingine zilikuwako tayari, tena kubwa na za kupendeza, zenye vioo viwili au zaidi. Lakini chombo kile kidogo kilionyesha vitu kwa usafi kuliko hizo. Kimoja kilichohifadhiwa mpaka leo mjini Utrecht hukuza kitu zaidi ya mara 260.

Je, alikitazama nini? Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo, kwa kuwa vitu alivyovichagua havikuwa vya thamani hata kimoja. Alitazama mwiba wa nyuki. Alitazama chawa, na kuvu iliyoota juu ya chakula. Alitazama mbegu, ubao, unywele, na tone la damu yake mwenyewe, ambamo aliona chembe nyekundu ndogo zikielea katika maji mepesi. Mtu mwingine huvipita vitu hivi mara mia kwa siku bila kugeuza shingo. Yeye alivikalia usiku, baada ya duka kufungwa na chumba cha baraza kufagiwa.

Alikuwako Delft tabibu mmoja kijana, Reinier de Graaf, aliyejulikana na wataalamu wa London. Wataalamu hao walikuwa wameunda chama chao, Royal Society, cha kuchungua mambo ya maumbile. Mwaka 1673 de Graaf akawaandikia kuwapasha habari ya mwuza nguo mwenye vioo vizuri kuliko vyote alivyopata kuviona. Wakaomba kupata habari zaidi. Antonie akaandika barua kwa Kiholanzi, lugha yake ya nyumbani, kwa sababu hakujua lugha nyingine. Aliwaomba radhi kwamba hakusoma vyuoni na hana ufundi wa kupanga maneno. Wao wakazifasiri barua zake, wakazichapa. Mwaka ule ule de Graaf akafa, lakini mlango alioufungua haukufungwa tena: Antonie aliendelea kuwaandikia London kwa muda wa miaka 50.

Mwaka 1674, wakati wa kiangazi cha Ulaya, alikuwa akipita katika ziwa moja dogo lisilo mbali na Delft. Maji ya ziwa hilo yalikuwa safi wakati wa baridi, lakini joto lilipoanza yalibadilika rangi, na wenyeji walisema ni umande ndio unaoyachafua. Antonie akachota kidogo katika kichupa, akaenda nacho nyumbani. Kesho yake akaweka tone mbele ya kioo chake. Mle ndani aliona nyuzi za kijani zilizojiviringa kama kamba, na kati ya nyuzi hizo vilikuwamo viumbe vidogo mno, vya rangi mbalimbali, vikienda huku na huko, juu na chini, vikizunguka kwa haraka. Vilikuwa hai. Tangu hapo hakutulia mpaka amechungulia kila maji aliyoweza kuyapata: ya mvua, ya kisima, ya mfereji, ya bahari.

Mwaka 1676 alijiuliza swali ambalo hata mtoto aweza kuliuliza jikoni: kwa nini pilipili manga huwasha ulimi? Alidhani labda ina miiba midogo isiyoonekana. Akailoweka katika maji, akayaacha maji hayo siku kadhaa, kisha akayatazama. Miiba hakuiona. Badala yake aliona umati wa viumbe vidogo kuliko vyote alivyoviona kwanza, vidogo hata alipovilinganisha na chembe ya mchanga alihesabu kwamba vingi sana, maelfu kwa maelfu, vingeweza kukaa katika ukubwa wa chembe hiyo moja. Leo twaviita bakteria. Kabla ya siku ile hapakuwa na mwanadamu aliyejua kwamba viko.

Aliandika barua ndefu, akaipeleka London. Na hapo taabu ikaanza, maana wengi hawakuamini. Mtu asiye na elimu ya chuo, asiyejua Kilatini, asema kwamba katika tone la maji mna wanyama wengi kuliko watu wa mji! Wataalamu wakajaribu kuviona kwa hadubini zao, wasivione. Fikirini moyo wa mtu aliyekwisha kuona kitu kwa macho yake, naye yuko mbali, hana cheo. Antonie hakuwatukana, wala hakunyamaza. Aliwaita watu wanane wenye kuaminiwa, wakiwamo wachungaji wa kanisa na mwandishi wa hati za sheria, akawaonyesha, nao wakaandika kwa mikono yao yale waliyoyaona. Karatasi hizo akazituma. Kisha mtaalamu mmoja wa chama kile, Robert Hooke, akatengeneza vyombo vipya, akaloweka pilipili vilevile, na mwezi Novemba 1677 akaviona viumbe hivyo mbele ya wenzake. Maneno ya mwuza nguo yalikuwa kweli. Mwaka 1680 chama kikamwandika kuwa mmoja wa wanachama wake, kikampelekea hati katika kisanduku cha fedha. Alifurahi sana kwa heshima hiyo, lakini hakuhama Delft, wala hakupata kuhudhuria mkutano wao hata mmoja.

Yako mambo mengine mengi aliyoyafanya, nami sitayataja yote. Lakini habari ya meno haifai kuachwa. Antonie alikuwa na desturi ya kusugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, na kuyafuta kwa kitambaa baada ya kula, naye alijua kwamba meno yake yalikuwa safi kuliko ya watu wengi wa umri wake. Hata hivyo, ulikuwapo ukoga mweupe kati ya meno ya nyuma. Mwaka 1683 aliukwangua, akauchanganya na maji ya mvua, akautazama: umejaa viumbe vinavyotembea. Akaenda kuwaomba ukoga watu wengine, wanawake, mtoto, na mzee mmoja ambaye hakupata kusafisha kinywa chake maisha yake yote. Mwaweza kuwaza jinsi mzee huyo alivyomtazama mgeni anayeomba uchafu wa meno yake kama mtu aombaye chumvi! Katika ukoga huo Antonie aliona kundi kubwa ajabu. Ndipo alipoandika kwamba katika kinywa chake mwenyewe mlikuwa na viumbe wengi kuliko watu wa nchi yake yote.

Tena aliwapinga watu waliosema kwamba wadudu hutokea wenyewe tu, viroboto katika vumbi, fukusi katika nafaka. Jambo hilo liliaminiwa na wenye elimu pia. Antonie alifuga fukusi katika vichupa, akafuga na viroboto, akawatazama wakitaga mayai, mayai yakitoa mabuu, na mabuu yakigeuka mpaka kuwa wadudu wakubwa. Wenye maghala ya mahindi watamshukuru kwa hilo, maana fukusi akizaliwa na fukusi, basi ghala likisafishwa kabla ya mavuno kuingia, adui amepunguzwa. Vilevile katika mkia wa kiluwiluwi na wa mkunga aliona damu ikipita mbio katika mishipa myembamba kuliko unywele, ikitoka upande mmoja na kurudi upande wa pili.

Habari zake zikaenea, na watu wakubwa wakaanza kubisha mlangoni pake. Mwaka 1698 Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, alipita Delft kwa mashua. Kwa kuwa hakutaka kuzungukwa na umati wa watu, alituma ujumbe kumwomba Antonie aje mashuani na vyombo vyake. Mtunzaji wa chumba cha baraza akaenda, akakaa na mfalme muda wa saa mbili hivi, akimwonyesha damu inavyokwenda katika mkia wa mkunga. Baada ya hapo akarudi nyumbani kwa Maria, akaendelea na kazi yake.

Si haki kumsifu mtu bila kutaja upungufu wake. Antonie alikuwa na wivu juu ya vyombo vyake. Wageni aliwaonyesha hadubini za kadiri, lakini zile zilizo bora kabisa alizificha, na namna yake ya kutazama viumbe vidogo kuliko vyote hakumfundisha mtu. Walipomshauri afundishe vijana kusaga vioo alikataa, akidhani kwamba wengi wao watatafuta fedha au sifa tu. Labda aliwajua vijana wa mji wake. Lakini kwa maoni yangu alikosea. Alipokufa ujuzi ule ulikufa pamoja naye, na muda mrefu ukapita kabla ya watu kuvichunguza tena kwa bidii viumbe alivyoviona. Yeye mwenyewe hakujua kwamba baadhi yake huleta magonjwa. Karibu miaka 200 ilipita mpaka wataalamu kama Louis Pasteur na Robert Koch walipolithibitisha jambo hilo. Koch alionyesha bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Mgonjwa akienda hospitali nasi tukaona mganga akiinama juu ya hadubini kutazama damu au makohozi yake, kazi hiyo ilianza kwa kijibati cha shaba kule Delft.

Watu walimwuliza mara nyingi kwa nini anajitaabisha hivyo, na faida yake ni nini. Hakuuza vioo vyake, wala hakupata utajiri kwa barua zake. Alijibu kwamba hakufanya kazi ile ili asifiwe, bali kwa tamaa ya kujua, ambayo aliiona ndani yake kuwa kubwa kuliko ilivyo katika watu wengi. Na kila alipoona jambo la ajabu aliona kwamba ni wajibu wake kuliandika, ili wengine nao walijue. Mchana alipima vitambaa, ardhi na mapipa kwa ajili ya riziki. Usiku alipima vitu ambavyo hapana mtu aliyemwagiza kuvipima. Kipimo chake kilikuwa chembe ya mchanga, au unywele, au jicho la chawa, vitu vilivyopatikana katika kila nyumba ya Delft.

Akazeeka hivyo. Meno yake yalipungua, mikono ikaanza kutetemeka, lakini barua hazikukoma. Alipokuwa na miaka 90 alishikwa na ugonjwa uliofanya kiwambo kilicho chini ya mapafu yake kurukaruka, hata akakosa pumzi. Waganga walisema ni moyo. Yeye hakukubali, alichunguza jinsi alivyoumwa, akaitazama misuli ya kiwambo hicho katika wanyama, akaandika London kuwaeleza. Leo waganga wauitao ugonjwa huo adimu kwa jina lake hukiri kwamba mgonjwa ndiye aliyesema kweli. Alipokuwa kitandani katika saa zake za mwisho alimwita rafiki yake, akamwomba azifasiri kwa Kilatini barua mbili zilizobaki na kuzipeleka kwa wataalamu. Alifariki tarehe 26 Agosti 1723, akazikwa katika Kanisa la Kale la Delft, si mbali na duka lake.

Zilikuwapo nyumbani mwake hadubini na vioo kwa mamia. Lakini kabla ya kufa alikuwa ametengeneza kisanduku cheusi chenye visaga vidogo, na ndani yake ametia hadubini 26 za fedha alizozifanya kwa mkono wake, nyingi zikiwa tayari na kitu cha kutazamwa mbele ya kioo. Miaka mingi alikuwa amekiweka, akimwagiza Maria kwamba atakapokufa kipelekwe kwa wataalamu wa London kuwa zawadi. Maria, ambaye sasa alikuwa na miaka 67, akakifunga vizuri, akakipeleka kama baba yake alivyoagiza, naye akabaki katika nyumba ile mpaka alipokufa mwaka 1745, akazikwa pamoja na baba yake.